Vitamini A inaondoa makovu ya ini?
Wakuu wa Mwanza, shemeji yangu mvuvi kule Ukerewe kapigwa utrasaundi wakakuta ini lina makovu sababu ya kichocho, sasa jirani anasema nimnunulie vidonge vya vitamini A litapona, kweli?

— Usimpe mkuu! Kuna seli za ini zenye umbo la nyota, ndo ghala la vitamini A, zinatunza kama asilimia 80 ya mwili mzima kwenye vitone vya mafuta, sasa mayai ya kichocho yakikwama pale seli zinaamka zinapoteza ile akiba zinaanza kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi ngumu za protini, ndo kovu hilo. Shida sio vitamini pungufu.

— Na ikizidi inaumiza ini lenyewe. Kameza prazikwanteli, ile dawa ya kichocho?

— Bado dada.

— Basi kesho asubuhi mpeleke zahanati, dozi wanapima kwa kilo zake.