Shimo la mchanga limehamisha mto, shamba la bonde linaliwa. Tumpe mtu wa kijiko kazi?

Mpunga_wa_Bondeni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni wa Mtama, shamba letu la bonde linapakana na Mto Lukuledi. Ni shamba la ukoo, na kwa sisi Wamwera mnajua, neno la mwisho ni la mjomba. Hapo ndipo kisa kilipoanzia.

Miaka minne nyuma mjomba aliwaruhusu watu wa tipa wachote mchanga na changarawe. Walianza mtoni kwenyewe wakati wa kiangazi, kisha wakapanda ukingoni wakachimba shimo ndani ya shamba. Malipo kwa tripu. Sitaki kumsema sana, pesa ile ndiyo iliyomsomesha mdogo wangu. Kati ya shimo na mto waliacha kiukuta cha udongo, upana wake hatua sita hivi.

Masika iliyopita mto ulikivunja, ukaingia shimoni, ukatokea upande wa pili. Njia yake ya zamani sasa ni mchanga mkavu, maji yanapita katikati ya majaruba yetu. Upande wa juu wa shimo, ukingo unazidi kumeguka. Mkuyu tuliokuwa tunapumzika chini yake, nusu ya mizizi iko hewani kama nyavu zilizoanikwa. Na kisima cha bibi, kamba yake ilikuwa pima tatu, leo ni pima tano na ndoo bado inakuja na tope.

Sasa kajitokeza mtu mwenye kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Anasema ataunyoosha mto, ataurudisha njia ya zamani kwa mstari mmoja, kisha apandishe tuta refu huku na huku, mambo kwisha. Bei yake inameza korosho zetu za msimu unaokuja zote. Mjomba keshakubali nusu, mimi roho inasita. Kuna anayezijua kazi hizi?

Chuma_Ulete:
Pole mkuu. Pandeni mikaratusi kuzunguka shimo, litakauka lenyewe.

Bimkubwa_wa_Mingoyo:
Mikaratusi tena! Kisima cha watu kinalia kiu, wewe unaongeza mnywaji. Mwanangu, na hilo tuta usilitegemee. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar si ilikatika kule Somanga, lami na madaraja yake? Tuta la udongo la shilingi mbili litasimama wapi?

Mpima_Mito:
Mkuu, usitoe hata shilingi kwanza. Nimeshika kazi za mito muda mrefu, nakueleza ninavyoielewa.

Mkuyu na kisima vinaugua ugonjwa mmoja. Mto haubebi maji peke yake, unabeba na mzigo wa mchanga na changarawe. Ukifika kwenye shimo maji yanatulia, mzigo wote unazama humo. Yakitoka upande wa chini hayana kitu, na maji ya namna hiyo sisi tunasema yana njaa: yanang'oa mchanga wa kitandani na udongo wa kingo mpaka yashibe. Upande wa juu nako, mdomo wa shimo umekuwa kama ngazi. Maji yanaporuka pale yanaichimba ile ngazi, nayo inarudi nyuma mvua hadi mvua. Imeshaufikia mkuyu wako. Ikiachwa inaendelea kupanda, na kukiwa na daraja huko juu inafukua nguzo zake. Kitanda cha mto kikishuka, maji ya ardhini ya pembeni yanashuka nacho. Ndiyo hizo pima mbili za kamba ya bibi.

Sasa mtu wa kijiko. Mto wenye kona ukiunyoosha, unashuka kimo kilekile kwa njia fupi, kwa hiyo mteremko unakuwa mkali na kasi inaongezeka. Umeutoa mto kwenye kuchimba ukaupeleka kwenye kuchimba zaidi. Na tuta refu linayafungia mafuriko ndani ya mfereji. Mpunga wako uliota kwa lile tope lililokuwa likitandazwa bondeni kila masika. Tuta likisimama, tope linapita kwenda baharini.

California kuna Mto Merced uliochimbwa changarawe miaka mingi. Mafuriko ya Januari 1997 yalibomoa matuta yaliyotenganisha mto na mashimo, mto ukaingia, kama kwenu. Hawakuishia kurudisha tuta. Sehemu zile walijaza mashimo, wakachonga mto upya na kona zake, na pembeni wakaacha bonde la chini ili maji yakizidi yapate pa kumwagikia. Wenzetu walikuwa na fungu la serikali, ninyi mna majembe, lakini kanuni ya maji haibadiliki.

Kwenu ningeanza hivi. Tipa zisimame kwanza, zenu na za jirani wa juu na wa chini, la sivyo mnajaza pakacha maji. Septemba na Oktoba maji yakiwa chini kabisa, ule udongo waliouparua juu wakaurundika pembeni mrudishe shimoni. Halitajaa, na si lazima lijae, mradi kina kipungue. Pale kwenye ngazi pangeni mawe makubwa yateremke taratibu kama mteremko wa kilima, yasisimame kama ukuta. Kingo zilizosimama wima zilazeni: kwa kila mita moja ya kimo, mita mbili au tatu kwenda nje. Njia ya zamani iacheni wazi, mafuriko yatagawana.

Dereva_wa_Tipa:
Kila uzi ni sisi tu. Hizo nyumba zenu za tofali mlijengea unga wa muhogo? Mchanga wa juu juu masika inaurudisha, tangu nianze kazi naona.

Mpima_Mito:
Dereva ana hoja, tusimrukie. Ukichota fungu la juu wakati wa kiangazi na ukabaki juu ya usawa wa maji, mto unaweza kulirudisha, kama huchukui kuliko unacholetewa. Balaa linaanza mnapovuka usawa wa maji, na mnapochimba shimo hatua sita kutoka mtoni.

Karani_Mstaafu:
Niongeze la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kuchimba mtoni au kuugeuza njia kunataka kibali. Huyo wa kijiko anaanza kazi, ninyi mnaitwa washtakiwa. Pitieni serikali ya kijiji mpate muhtasari wa mkutano, kisha nendeni Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, makao yake yako Mtwara. Hata kurudisha udongo na kupanga mawe, waulizeni kwanza. Na aliyechimba alikuwa na leseni? Kama anayo, Tume ya Madini wanamjua, na shimo si la mjomba peke yake.

Bimkubwa_wa_Mingoyo:
Kwa kupanda: matete palipo na maji, juu yake majani ya vetiva au mabingobingo, juu kabisa vipande vya mkuyu. Mkuyu unashika kwa kukata tawi nene tu na kulichomeka mvua za kwanza. Vetiva kila sentimita 10 hadi 15, mstari ukate mteremko. Na mbuzi wafungwe!

Mpunga_wa_Bondeni:
Ahsanteni sana, bimkubwa shikamoo. Narudi baada ya wiki mbili.

Nilishindwa kumweleza mjomba habari za maji yenye njaa, alinitazama kama nimelewa. Nikampeleka kisimani kwa bibi nikamwachia kamba avute. Alipofika fundo la zamani alisimama, akaendelea kuvuta, akaitazama ndoo. Hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani, ndipo akamwambia mtu wa kijiko kwa simu asubiri.

Mkutano wa kijiji umekaa, muhtasari ninao, Jumatatu naenda Mtwara. Jirani wa juu bado anauza tripu, anasema shamba ni lake. Nimepiga vigingi vitano kutoka ukingoni pale kwenye mkuyu kuelekea shambani, kila kimoja hatua mbili. Cha kwanza kutoka mtoni kimeshaning'inia, na mvua hata haijanyesha.

@Mpima_Mito, kijiko tukikikodi siku mbili tu, cha kulaza kingo na kusukuma lile lundo shimoni, tuanzie upande wa juu au wa chini?

Mpima_Mito:
Juu, kwenye ngazi. Lakini mawe yawe yameshafika kabla kijiko hakijawashwa, na kibali kiwe mkononi.