Ripoti ya mazingira ya mgodi wa shaba: nianze kusoma wapi?

Mdau_Mpya: Wakuu, nina ripoti ya mgodi wa shaba wa shimo la wazi. Muhtasari unadai mawe taka "hayatarajiwi kutoa asidi". Jedwali linaonyesha salfa ya salfaidi (ile inayozaa asidi ikikutana na hewa na maji) 1.6%, na uwezo wa kuzima asidi kilo 45 kwa tani. Ni salama? Na bwawa la topesumu (tope la mabaki ya kusaga mawe) nikague nini?

Kokoto: Mkuu, zidisha 1.6 kwa 31.25, unapata 50. Hizo ndizo kilo za kalsiamu kaboneti zinazohitajika kuzima asidi ya tani moja. Unazo 45, uwiano 0.9. Chini ya 1 mawe hayo hesabu kuwa yatatoa asidi. Kati ya 1 na 2 bado mashaka. Huo muhtasari umeandikwa kwa matumaini.

Usiridhike na wastani pia. Dai matokeo ya kila aina ya mwamba, kisha uliza jaribio la kulowesha na kukausha mawe lilienda wiki ngapi. Wiki 20 ni chache: kaboneti ikiwa bado imo, pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) inakaa 7 tu, ikiisha inaporomoka.

Mpimamaji: Ndiyo maana kwenye kijito kinachopokea maji ya mgodi usisubiri pH ishuke. Salfeti, inayotoka salfaidi ikianza kuoza, hupanda kwanza. Takwimu za kabla ya mgodi zichukue angalau mwaka mzima, kiangazi na masika. Sampuli ya metali zilizoyeyuka ichujwe kwa chujio la mikroni 0.45 hapohapo mtoni, ndipo itiwe asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, unayeyusha metali za kwenye matope na jibu linakuwa bovu.

Tuta: Bwawani, angalia tuta litainuliwaje. Likipanda kuelekea ndani, juu ya tope lenyewe, kataa. La Brumadinho, Brazil, lilikuwa hivyo. 25 Januari 2019 liliua watu 270. Ila aina ya tuta haitoshi: bwawa la mgodi wa Mount Polley, Kanada, 2014, kilichoshindwa ni tabaka la udongo dhaifu chini ya msingi. Soma kumbukumbu za visima vya uchunguzi, uone vilifika kina gani na viliachana mita ngapi.

Mdau_Mpya: Na shimo lenyewe baada ya kufungwa?

Kokoto: Pampu zikizimwa linajaa. Berkeley Pit, shimo la mgodi wa shaba Montana, Marekani, zilizimwa 1982, na maji yake bado yanasukumwa na kutibiwa. Tafuta kwenye ripoti kiasi cha dhamana ya kufunga mgodi (fedha zinazowekwa kando kwa kazi hiyo) na matibabu ya maji yamehesabiwa miaka mingapi.