Nina nyeusi dhidi ya e4: Joka, Najdorf au Caro-Kann?

BintiUpanga: Wadau wa chesi, Jumapili tunarudiana, mashindano ya wanawake, na nyeusi nimepewa tena mimi. Mpinzani ni yule yule wa Mbezi, kila siku e4, yaani anaanza kwa kitunda cha mbele ya mfalme, hatua mbili. Mara ya kwanza nilimchezea Sisiliani, yaani kumjibu c5, tawi la Joka (hatua yangu ya 5 ni g6). Yeye akamficha mfalme upande wa malkia, mimi upande wa pili, ikawa mbio za nani atamfikia mwenzake kwanza. Nikapoteza hatua mbili kwa a6 na b5. Yeye h4, h5, askofu h6, mstari wa h ukafunguka. Hatua ya 23 nikampa mkono kukubali nimefungwa, saa yangu bado ina dakika 6! Niendelee na Joka, au nihame?

Kitunda_Sinza: Hamia Caro-Kann dada. c6, d5, askofu anatoka f5 kabla hujafunga mlango kwa e6. Siku hizi hata nikifungwa, nafungwa usiku, si chai ikiwa bado ya moto.

FundiNgome: @Kitunda_Sinza usimdanganye. Mweupe akisukuma e5, kisha g4 na h4, huyo askofu wako anafukuzwa kama kibaka wa Kariakoo. Binti, kosa si Joka, ni a6. Kule hakuna hatua ya kupumzika. Ngome c8, farasi e5, na akicheza h4 mjibu h5 hapo hapo. Ukiiona nafasi, toa ngome umle farasi wa c3. Akilipiza kwa kitunda cha b, mfalme wake amebaki bila shuka.

MamaWawili: Najdorf, lile tawi jingine la Sisiliani, iache kwa wiki hii. Tamu, ila ina matawi kuliko mwembe. Anand mwenyewe, yule Mhindi aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliicheza dhidi ya Judit Polgár, mwanamama wa Hungaria, mwaka 1999. Judit akasukuma g4, akatoa farasi sadaka mapema, akashinda. Sembuse wewe unayesomea kwenye mwendokasi umesimama.

Kitunda_Sinza: Haya, nimekaa kimya 😂

BintiUpanga: Jana nimeijaribu h5 kwenye simu mara 4, mara 3 nimetoka salama. Basi nabaki na Joka. Fundi, na askofu wake akiwa c4?

FundiNgome: Farasi e5 anamgusa. Akirudi b3, farasi c4. Akila, mle kwa ngome ya c8. Jumamosi njoo na ubao wako, wangu kitunda kimoja ni kizibo cha soda.