Naomba ushauri: kanji za Kijapani nizisomeje?

Habari zenu wakuu. Najifunza Kijapani mwenyewe nyumbani, lengo ni mtihani wa kupima Kijapani, JLPT, ngazi ya N5 (ile ya chini kabisa) mwezi Desemba. Hiragana, yaani mwandiko wa silabi wa Kijapani, nimeimaliza, herufi zote 46 za msingi, na kwa sisi Waswahili matamshi hayasumbui: sakana, yama, kuruma, karibu kila silabi inaishia na irabu kama tulivyozoea. Katakana, mwandiko wa silabi wa pili, unaotumika hasa kwa maneno ya kigeni, nayo inakwenda, ila シ (shi) na ツ (tsu) bado zinanichanganya, hasa zikiandikwa kwa mkono.

Shida kubwa ni kanji, zile alama zenye asili ya Kichina ambazo kila moja ina maana yake. Chukueni neno 日曜日, yaani Jumapili, linalosomwa nichiyōbi. Alama 日 ipo mwanzo na mwisho, ni ileile, lakini mwanzoni inasomwa nichi na mwishoni bi. Ikisimama peke yake ni hi! Na orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina alama 2,136.

Mliopita njia hii naombeni mnisaidie. Nikariri kwanza kila alama na namna zake zote za kusomwa, au nijifunze maneno mazima, hizo namna zije zenyewe? Naegemea hili la pili, ila naogopa nikikutana na neno jipya nitakwama. Pia, kuna haja ya kufanya mazoezi ya kuandika kwa mkono kwa kufuata mpangilio wa mistari ya kila alama (upi unaanza, upi unafuata), wakati mtihani wenyewe ni wa kuchagua majibu? Kuandika nakupenda sana, ila muda nilionao ni usiku tu baada ya kazi.