Mafundi wa Mtwara, masta ya mama mzee unaiwekea ngazi mbili chooni??

Wakuu nina hasira hapa nilipo. Nyumba ya familia iko Mikindani, ya babu, kuta za mawe na chokaa, nene mtu anakaa dirishani na sahani yake ya wali. Choo kiko uani. Mama magoti yamekwisha, kutoka usiku na tochi ni mtihani, ndo tukakubaliana ndugu hela ya korosho ikitoka tumuongezee chumba cha masta ubavuni mwa nyumba, choo na bafu humo humo. Kazi ni hiyo tu, mama asitoke nje usiku.

Nimeshuka kutoka Dar nakuta choo kina ngazi mbili! Namuuliza fundi ananijibu bosi shimo la zamani liko upande wa juu, bila kunyanyua sakafu bomba halipati slopu. Sasa si ungechimba shimo jipya upande wa chini, eneo si lipo? Mtu hana magoti unampandisha chooni kama anapanda mimbari. Mlango nao sentimita 60, kesho akihitaji wilichea apite wapi, 90 ilimshinda nini?

Halafu ukuta mpya wa tofali kaung'atisha kwenye ule wa mawe. Msingi wa babu ulishatulia miaka na miaka, huu mpya ndo kwanza unakaa, lazima vivutane, hapa tunavyoongea ufa kwenye maungio unaingiza kidole. Akaona haitoshi akapiga plasta ya simenti juu ya chokaa eti ifanane, wakati chokaa inapumua na simenti haipumui, unyevu na chumvi ya bahari vinabaki humo ndani plasta inavimba inadondoka mabamba mabamba. Wazee wa Mikindani wote wanalijua hili. Mtwara kuchele, yaani kumekucha, lakini mafundi wengine bado wamelala.

Dirisha la sebule kaliziba, upepo wa bahari ndo basi tena. Paa jipya linamwaga maji juu ya bati la zamani, gata hamna, na mvua za Desemba hizo zinakuja.

Nimesimamisha kazi. Braza mkubwa ananiambia mwache mwenzio apate riziki yake, riziki gani braza?? Hapati hata mia mpaka zile ngazi zivunjwe na shimo lichimbwe. Mwenye kumjua fundi anayezijua kuta za chokaa aje PM, ila asiwe wa "bosi usijali".