Wazee wa TANU Tabora: wapewe posho au wabaki na soda?

Fundi wa Isevya: Mtaani kwetu kuna mzee alikuwepo mkutano mkuu wa TANU, chama kilichodai uhuru, hapa Tabora, Januari 1958. Kila Desemba 9 anafuatwa na bajaji, anakalishwa juani, anapewa soda ya moto, anarudishwa. Nauliza: wazee hawa wapewe posho ya mwezi?

Mtoto wa Reli: Posho ya kumpigia Nyerere makofi? Wastaafu wenyewe mafao wanazungushwa. Halafu nusu ya hao mashujaa wenu walikuwa wapika ubwabwa tu.

Binti Kanyenye: "Wapika ubwabwa tu"? Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Mumewe hakutaka kusikia siasa, akaaga anakwenda msibani. Kadi yake ya TANU ipo kwenye kopo la biskuti, imekunjwa hadi jina limekatika katikati. Rudia hilo neno lako.

Mtani wa Pwani: Shikamoo bibi. Ila Mnyamwezi na ubwabwa mwaka 58? Ulikuwa ugali na asali huo, semeni kweli.

Binti Kanyenye: Mzaramo, mchele huku hamkutuletea nyinyi.

Mtoto wa Reli: Haya, kapika. Kilichopikwa ndani ya ukumbi je? Kukubali kuingia uchaguzi wa kura tatu wa mkoloni! Mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mhindi, akiruka mmoja kura imeharibika. Huo ndio ushujaa?

Fundi wa Isevya: Ndiyo maana ukaitwa Uamuzi wa Busara. Wangesusa uchaguzi, viti vingechukuliwa na wengine. Zuberi Mtemvu, mwenzao wa TANU, alikataa, akatoka akaanzisha chama chake, ANC. Uchaguzi wa rais 1962 akaambulia kura elfu 21 na ushee, Nyerere zaidi ya milioni.

Mtoto wa Reli: Angalau hakumeza maneno yake. Na huyo bibi kura yenyewe alipiga? Sharti lilikuwa darasa la nane au kipato cha pauni 150 kwa mwaka.

Binti Kanyenye: Hakupiga. Alipita nyumba kwa nyumba kuwahimiza wenye sifa wakajiandikishe, yeye hana. Wewe unazo zote, mwaka jana ulipiga?

Mtoto wa Reli: Nilikuwa safarini.

Fundi wa Isevya: Jamani, posho.

Binti Kanyenye: Nimemsomea bibi uzi wote. Kacheka hadi kakohoa. Anauliza huyo wa ubwabwa ni mjukuu wa nani, maana siku ile bakuli zake mbili za mchuzi hazikurudi.

Mtani wa Pwani: Mchuzi wa kuku au wa mbuzi?