Ndoa msikitini: kanzu inatoka kijivu, uso unapotea gizani

Mwanagenzi wa Tanga

Assalamu alaykum na habari za jioni, ndugu zangu. Ijumaa iliyopita nilipiga picha za ndoa ya binamu yangu, iliyofungishwa baada ya swala ya Alasiri katika msikiti mmoja hapa Tanga, na picha hizo hazijaniridhisha hata kidogo. Bwana harusi alivaa kanzu nyeupe na kofia ya viua. Kanzu imetoka kijivu, kana kwamba imefuliwa kwa maji ya udongo, na uso wake, ambao ni mweusi kama wangu, umezama gizani hata macho hayaonekani. Alipokuwa ameshikana mikono na walii wa bibi harusi nilibonyeza mara sita, na katika picha zote sita mikono ina ukungu.

Kamera yangu ina kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha APS-C, kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, na lenzi ni ile iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55. Niliiacha kamera ijiamulie kila kitu, nayo ikachagua kasi ya shata ya 1/30 ya sekunde. Baada ya wiki tatu nina ndoa nyingine katika msikiti huohuo. Nimeweka akiba kidogo. Je, ninunue kamera yenye kihisi kikubwa zaidi, au kuna jambo ambalo bado sijajifunza?

Fundi wa Mwanga, Mombasa

Wa alaykum salaam, kaka. Akiba yako iache kwanza. Kipima mwanga cha kamera hakijui kanzu wala uso. Hukisia tu kwamba kilicho mbele yake kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga, yaani kijivu cha wastani. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera hudhani kuna mwanga mwingi, hupunguza mpaka kanzu iwe kijivu, na uso hushushwa pamoja nayo. Kamera yenye kihisi kikubwa ingefanya kosa hilohilo. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja, ambayo ni sawa na kuuongeza mwanga mara mbili, kisha utazame kanzu: ikiwa nyeupe na mikunjo yake bado inaonekana, umepatia.

Kuhusu mikono, 1/30 ni polepole mno kwa watu wanaosogea. Kidhibiti mtikisiko cha lenzi hutuliza mkono wako wewe, hakimtulizi bwana harusi. Anzia 1/125 na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 bila woga, kwa sababu chengachenga zinazotokea kwenye picha zinaweza kupunguzwa baadaye kwa programu, lakini mkono uliokwisha kutembea hauna dawa.

Mama Studio, Unguja

Mwanangu, kaka yako amekueleza vyema, nami naongeza la ngozi yetu, kwa kuwa nimelipigania tangu enzi ya filamu. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, ambazo wenye kazi waliziita Shirley. Mashine ikishakubaliana na ngozi yake, sisi tulitoka kama masizi. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini uamuzi wa mwisho bado ni wako.

Wapo watakaokushauri upime mwanga kwa nukta moja, usoni pa bwana harusi. Ushauri huo ni mzuri, ila haujakamilika. Ukipima uso mweusi peke yake, kamera itataka kuufanya nao uwe kijivu cha wastani, kwa hiyo utatoka umepauka kama uliopakwa unga, na kanzu itaungua, yaani itakuwa weupe mtupu usio na mikunjo. Pima usoni, kisha punguza karibu hatua moja. Tena piga kwa RAW, faili ghafi la kamera, kwani JPEG, faili la kawaida lililobanwa, huhifadhi ngazi 256 tu za kila rangi, ilhali RAW ya biti 14 huhifadhi 16,384, na tofauti hiyo utaiona utakapojaribu kuinua kivuli chini ya ukingo wa kofia.

Flashi usiitumie kabla ya kumwomba imamu ruhusa. Na hata akikuruhusu, usiielekeze kwenye ukuta wa kijani, maana rangi hiyo itarudi usoni.

Kipimo, Dar es Salaam

Ukitaka kutumia akiba, nunua lenzi. Ya kwako ikivutwa hadi milimita 55, upenyo wake mkubwa kabisa kwa kawaida ni f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), ilhali lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwa kihisi chako ningechagua milimita 35, inayoona eneo pana zaidi, badala ya 50, kwa kuwa msikitini watu hukaa wakigusana magoti na hutapata pa kurudi nyuma. Wanapokuwa wawili, tumia f/2.8, la sivyo mmoja atakuwa nje ya fokasi.

Taa za tyubu nazo zina mambo yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Ukiona michirizi ya giza kwenye picha, shuka hadi 1/100.

Zaidi ya yote, nenda msikitini kabla ya siku yenyewe, saa ileile. Kwa Tanga, kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja, kwa hiyo jua la Alasiri huingia kupitia madirisha yaliyo kushoto kwa aliyeelekea kibla. Ukikaa upande huo wa madirisha, bwana harusi atakapokugeukia, mwanga utamwangukia usoni bure.

Mwanagenzi wa Tanga

Nawashukuru sana. Leo, kwa ruhusa ya imamu, nilikwenda Alasiri na mdogo wangu, naye akavaa kanzu. Nilijibanza chini ya dirisha la pili la magharibi, nikapima usoni, nikapunguza hatua moja, nikapiga kwa 1/100 na ISO 3200, kwa lenzi yangu ileile. Uzi wa viua unahesabika, na katika kila jicho lake kuna dirisha dogo jeupe. Upande wa mashariki nilijaribu pia, uso ukarudi gizani. Kesho nitamwona imamu tena nimuulize kama mpiga picha anaweza kuwekewa nafasi chini ya dirisha lile kabla watu hawajajaa.